Je, Wajua? Njia ya misafara huenea kwenye karatasi moja

Kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, njia ya kale ya misafara ilikuwa na urefu wa kilomita 1,200 hivi. Karatasi ya A4 ina urefu unaokaribia sentimita 30. Basi kila sentimita ni kilomita 40.

Kata ukanda kwa urefu wa karatasi, ncha moja iwe Bagamoyo na ya pili Ujiji, umpe mtoto aukunje sehemu tatu sawa. Asiukandamize mapema, aulaze kwanza kama herufi Z, asogeze hadi pande zilingane, ndipo apitishe ukucha. (Wengi hukimbilia kukunja nusu, na nusu haizai theluthi.) Akiukunjua, mkunjo wa pili kutoka Bagamoyo, penye sentimita 20, ndio mji wa Tabora.

Mwaka 1857 wapelelezi Waingereza Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne kutoka pwani kufika hapo: chini ya sentimita 5 kwa mwezi! Wakati huo reli haikuwapo; ilifika Tabora mwaka 1912.

Kipande kilichobaki, mtoto akitie nukta kila nusu sentimita hadi Ujiji. Zitatimia 20, yaani siku 20 za mpagazi anayetembea kilomita 20 kwa siku, mapumziko hayamo.