Sekunde Mbili Zinazoamua Biti

Prodyuza wa singeli anayetafuta mdundo wa kuanzia biti hasikilizi faili zima. Anaibonyeza picha ya mawimbi ya sauti mahali fulani katikati, anasikia mapigo manne, anahamia kipande kingine. Kwa saa moja anaweza kupitia vipande vingi sana, na ladha ya wimbo huamuliwa hapo, kabla mwimbaji hajafungua kinywa. Hivyo inafaa kujua kompyuta inafanya nini katika kionjo hicho kifupi.

Enzi za kanda, fundi wa sauti alishika magurudumu mawili kwa mikono, akayasukuma mbele na nyuma taratibu mpaka sehemu aliyoitaka ikapita kwenye kichwa cha kusomea, kisha akaitia alama. Iliyokuwa mwisho wa kanda ilibidi isubiriwe hadi kanda izunguke.

Sauti ya kidijitali haina safari hiyo. Kwa kiwango cha CD, kila sekunde huhifadhiwa kama vipimo 44,100 kwa kila upande, kushoto na kulia. Ukitaka kuanzia sekunde ya 95, programu inazidisha tu: kipimo cha 4,189,500, na inakwenda moja kwa moja. Hata picha unayoibonyeza ni matokeo ya hesabu. Wimbo wa dakika tatu una vipimo 7,938,000 kwa kila upande, ilhali skrini ya kawaida ina upana wa nukta 1,920. Kila mstari mwembamba wa picha unabeba vipimo zaidi ya 4,000, na programu huchora kile cha juu kabisa na cha chini kabisa.

Ugumu unaanza pale unapoingilia wimbi katikati. Spika iliyotulia inalazimishwa kuruka ghafla, na sikio linasikia “tak!” Dawa yake ni kuipandisha sauti kutoka kimya ndani ya milisekunde chache. Faili za MP3 zina shida yake: sauti imefungwa katika mafungu ya vipimo 1,152, na fungu moja huweza kutegemea data iliyowekwa kwenye mafungu yaliyotangulia. Ndiyo maana baadhi ya programu huifungua MP3 nzima kwanza kabla ya kukuruhusu kuichezea.

Kilichobadilisha kazi ya studio zaidi, kwa maoni yangu, ni kionjo kinachofuata mwendo wa wimbo wako. Programu ya Ableton Live, iliyotoka Berlin mwaka 2001, ilijengwa juu ya wazo hilo: kipande hurefushwa au kufupishwa ili kilingane na biti inayoendelea, bila kubadilisha kimo cha sauti. Kwenye kanda hilo halikuwezekana kirahisi, kwani ukizidisha kasi mara mbili, sauti inapanda oktava nzima. Singeli yenyewe ilikulia katika upandaji huo, vijana wa Dar es Salaam walipoharakisha vipande vya taarabu. Njia moja ya kutenganisha kasi na kimo ilielezwa na watafiti Flanagan na Golden wa maabara ya Bell Labs mwaka 1966; nyingine hukata sauti katika chembe fupi na kuzipanga upya zikilaliana.

Kisha kipande husubiri zamu yake: hakianzi kucheza mpaka duru mpya ya biti ianze. Biti ikiwa na mapigo 120 kwa dakika, duru ya mapigo manne huchukua sekunde mbili. Kwenye singeli ya mapigo 240, ni sekunde moja tu.

Lakini hesabu zote hizo haziwezi kulilinda sikio lako. Mwaka 1933 watafiti Fletcher na Munson walionyesha kwamba sauti ikiwa ndogo, besi hufifia masikioni haraka kuliko sauti za kati. Kipande kikichezwa kwa sauti kubwa kidogo kuliko vingine huonekana kinene, kizuri, na kinachaguliwa bila kustahili. Prodyuza, kabla ya kuanza kuchagua, linganisha sauti ya kionjo na sauti ya biti yako, kisha sikiliza vipande vyote huku biti ikicheza. Kinachosikika kizuri peke yake huenda kikapigana na besi uliyokwisha kuiweka.