Vumbi la risasi: Hatari iliyojificha katika kusafisha maganda yaliyofyatuliwa

BUNDUKI inapolia katika uwanja wa kulenga shabaha, macho ya watazamaji huifuata shabaha. Ni wachache wanaolitazama ganda la shaba linaloruka kando na kuanguka chini, likiwa bado moto na mdomo wake mweusi kwa masizi.

Kwa walio wengi ganda hilo ni takataka. Lakini nchini Marekani, ambako uwindaji na mchezo wa kulenga shabaha una wafuasi wengi, wapo wanaoinama na kuliokota. Hulipeleka nyumbani, wakalisafisha, wakalitia fataki mpya, baruti na kichwa kingine, kisha likatumika tena.

Sababu ya kwanza ni gharama. Fataki, baruti na kichwa huenda mara moja tu bunduki inapofyatuliwa. Ganda, ambalo kwa kawaida ndilo sehemu ya bei ghali zaidi, hubaki, na likitunzwa vyema laweza kujazwa mara kadhaa. Sababu ya pili ni ustadi. Mlenga shabaha anayejaza risasi zake mwenyewe huzipima kwa makini ili zifanane, na hivyo kuiwezesha bunduki yake kupiga mahali pamoja kila mara.

Kila mtu anayesikia habari za kazi hiyo huhofia baruti. Hofu hiyo ina msingi, na kwa sababu hiyo baruti hushughulikiwa kwa tahadhari kubwa. Hata hivyo, hatua inayoonekana nyepesi kuliko zote, yaani kusafisha maganda, ndiyo inayoficha hatari isiyotazamiwa na wengi. Hatari hiyo haina mlipuko wala kishindo. Ni vumbi.

Kwa nini ganda husafishwa

Risasi moja kamili ina sehemu nne: ganda lenyewe, fataki ndogo iliyo kwenye kitako, baruti iliyo ndani na kichwa kinachoruka hadi kwenye shabaha. Maganda mengi hutengenezwa kwa shaba ya manjano, mchanganyiko wenye takriban asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki.

Mchanganyiko huo haukuchaguliwa kwa ajili ya uzuri wake. Baruti inapowaka, ganda hutanuka na kubana ukuta wa chemba ya bunduki, likazuia gesi moto isirudi nyuma usoni mwa mfyatuaji. Shinikizo linaposhuka, ganda hunywea kidogo na kutoka kwa urahisi.

Lakini kila linapotanuka na kurejeshwa katika umbo lake la awali, shaba yake huzidi kukakamaa. Mwishowe ganda hupasuka mdomoni. Wakati mwingine huonyesha mstari mwembamba unaolizunguka karibu na kitako, ishara kwamba linakaribia kukatika vipande viwili ndani ya bunduki.

Hapo ndipo ulipo umuhimu wa usafi. Masizi hufunika nyufa, ilhali ganda safi hudhihirisha kasoro zake mbele ya jicho makini. Isitoshe, chembe za mchanga zilizonata kwenye ganda hukwaruza kifaa cha kulirejeshea umbo na hata kuharibu chemba. Mng'ao ni nyongeza tu. Ganda lililopoteza rangi lakini likawa safi na zima hufanya kazi sawa na lile linalometameta kama pambo.

Magunzi, maji na mawimbi ya sauti

Zamani kazi hii ilikuwa ya haraka. Katika miaka ya 1870, wawindaji wa nyati wa Marekani walijaza maganda yao wenyewe wakiwa nyikani. Baruti nyeusi waliyoitumia iliacha mabaki yenye chumvi ambayo huvuta unyevu na kula shaba, hivyo ganda lilipaswa kuoshwa mapema kabla halijaharibika. Baruti ya kisasa haiachi mabaki ya namna hiyo, na haraka ile imepungua.

Leo zipo njia tatu zinazotumika zaidi. Ya kwanza ni ya ukavu. Maganda hutiwa katika chombo cha mashine inayotikisika, pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa au maganda magumu ya jozi yaliyopondwa. Mashine huachwa itikisike kwa saa kadhaa, na chembe hizo hulisugua kila ganda hadi uchafu ukatoka.

Njia ya pili hutumia maji. Maganda hutiwa ndani ya pipa dogo linalozunguka, pamoja na maji, sabuni ya kuoshea vyombo, asidi ya ndimu kidogo na pini nyembamba za chuma kisichoshika kutu. Pini hizo hupenya hata katika kitundu cha fataki, endapo fataki kuukuu imekwisha kutolewa.

Njia ya tatu ni chombo cha maji kinachotoa mawimbi ya sauti yasiyosikika kwa sikio la binadamu. Mawimbi hayo huunda viputo vidogo mno ambavyo hupasuka juu ya ganda na kubandua masizi.

Neno moja, hatari mbili

Kiswahili kina neno moja, risasi, kwa kitu kinachotoka katika bunduki na kwa madini mazito ya rangi ya kijivu. Neno hilo lilitoka katika Kiarabu, ambako jina la madini ndilo asili yake. Anayesafisha maganda ana sababu nzuri ya kuukumbuka uhusiano huo, kwani kichwa kinapokwisha kuruka, madini hubaki.

Sehemu kubwa ya madini hayo hutoka katika fataki. Fataki nyingi hutengenezwa kwa mchanganyiko wenye misombo ya madini ya risasi, bari na antimoni. Pini ya bunduki inapoigonga fataki, mchanganyiko huo hulipuka na kuiwasha baruti. Sehemu ya madini ya risasi hutoka pamoja na moshi, na nyingine huganda kama unga mwembamba ndani ya ganda na katika kitundu cha fataki.

Mashine ya ukavu inapofanya kazi, unga huo huondoka kwenye ganda na kuhamia kwenye magunzi. Magunzi hayo hayatupwi baada ya mara moja, bali hutumika tena na tena, na kila awamu huongeza madini ndani yake. Mtu anapofungua kifuniko, au anapoyachekecha ili kutenganisha maganda na magunzi, vumbi hufuka. Hulivuta kwa pua, likamnata mikononi na kutua kwenye nguo zake.

Kazi hii ikifanywa jikoni au sebuleni, wanaoathirika si mfyatuaji peke yake. Vumbi hutua sakafuni, mahali ambapo mtoto hutambaa na kisha kuvitia vidole kinywani.

Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hakuna kiwango cha madini ya risasi kinachojulikana kuwa salama kwa binadamu. Watoto wadogo hufyonza mara nne hadi tano zaidi ya watu wazima kutokana na kiasi kile kile kilichoingia tumboni. Madini hayo hudhuru ubongo unaokua, yakapunguza uwezo wa mtoto wa kujifunza na kuwa makini. Kwa watu wazima hupandisha shinikizo la damu na kuharibu figo.

Isitoshe, mwili huyahifadhi katika meno na mifupa kwa miaka mingi. Mwanamke anapopata mimba, madini yaliyokuwa yamelala mifupani yaweza kurudi katika damu na kumfikia mtoto aliye tumboni.

Wakenya hawana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi wa madhara hayo. Wakazi wa mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, waliathiriwa na madini ya risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Mnamo 2020, Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliamuru walipwe fidia ya Sh1.3 bilioni. Kesi hiyo ilipitia rufaa hadi Mahakama ya Juu, ambayo iliidhinisha fidia hiyo Desemba 2024. Chanzo chao kilikuwa tofauti na kikubwa zaidi, lakini sumu ilikuwa ile ile, na haikutoa dalili za kuwaonya mapema.

Namna ya kujikinga

Kinga si ngumu wala ghali. La kwanza ni mahali. Maganda husafishwa nje au katika chumba chenye hewa ya kutosha, mbali na jikoni, vyakula na watoto. Kifuniko cha mashine hubaki kimefungwa muda wote inapotikisika.

La pili ni njia yenyewe. Maji hulinasa vumbi kabla halijafuka, na kwa hiyo njia ya maji huwa na nafuu kwa mapafu. Hata hivyo, maji hayo machafu hubeba madini yaliyotolewa. Hayafai kumwagwa katika bustani ya mboga wala katika sinki la kuoshea vyombo. Hayo pamoja na magunzi yaliyochakaa yanapaswa kukusanywa na kukabidhiwa kama taka zenye sumu.

La tatu ni mwili na mavazi. Glavu huvaliwa, na mtu hali wala havuti sigara akiwa kazini. Mikono na uso huoshwa vizuri mara kazi inapokwisha, na nguo za kazi hufuliwa peke yake. Sakafu hupanguswa kwa kitambaa chenye maji, kwani ufagio mkavu hulirusha vumbi hewani upya. Anayeifanya kazi hii mara kwa mara hana budi kupimwa damu, kwa kuwa kipimo hicho hufichua tatizo kabla dalili hazijaonekana.

Funzo kutoka India

Vumbi si hatari pekee. Njia mbaya ya kusafisha yaweza kuliua ganda lenyewe, na historia ina ushahidi wa jambo hilo.

Wakati wa utawala wa Uingereza nchini India, jeshi lilikumbwa na fumbo. Maganda ya shaba yaliyohifadhiwa karibu na mazizi ya farasi yalipasuka yenyewe msimu wa mvua, ingawa hakuna aliyekuwa ameyafyatua. Jibu lilipatikana mnamo 1921, watafiti wa Uingereza walipoeleza kuwa chanzo kilikuwa amonia. Gesi hiyo ilitoka katika mkojo wa farasi, ikachanganyika na unyevu wa msimu na kuishambulia shaba iliyokuwa na mkazo tangu ilipofinyangwa kiwandani. Dawa yake ilikuwa kupasha ganda moto kwa kiasi ili mkazo uishe, na kulihifadhi mbali na amonia.

Kwa sababu hiyo, dawa za nyumbani za kung'arishia shaba ambazo zina amonia hazifai kwa maganda. Sinia ya shaba hung'aa kwa dawa hizo bila taabu, kwa kuwa haitatakiwa kamwe kustahimili shinikizo la baruti. Asidi nayo ina mpaka wake. Ikizidi au ganda likikaa ndani yake kupita kiasi, zinki huyeyuka na shaba huanza kuwa na rangi ya waridi, dalili kwamba imedhoofika.

Unyevu ni adui mwingine. Ganda lililooshwa lisipokauka kabisa, tone lililobaki laweza kuilowesha baruti. Risasi kama hiyo huenda isilipuke, au ikawa dhaifu mno hata kichwa chake kikwame katikati ya mtutu. Mfyatuaji asiyetambua akipiga risasi nyingine, mtutu waweza kupasuka mikononi mwake.

Hali nchini Kenya

Humu nchini, suala hili lina sura tofauti. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka kila anayemiliki bunduki au risasi awe na cheti, na haimruhusu mtu kufanya biashara ya kutengeneza au kuuza silaha na risasi bila kusajiliwa. Mwananchi anayekuta kitu kinachofanana na risasi shambani au katika chuma chakavu hapaswi kukichokonoa wala kukitia moto, kwani si kila kinachoonekana kuwa ganda tupu huwa tupu. Anapaswa kuwaarifu polisi.

Hata hivyo, elimu kuhusu vumbi la risasi haiwahusu tu wanaojaza maganda. Inawahusu walenga shabaha wenye leseni, maafisa wa usalama wanaofanya mazoezi mara kwa mara na wale wanaosafisha bunduki zao. Zaidi ya hao, inamhusu mfanyakazi anayefagia uwanja wa shabaha na kuokota maganda kwa mikono mitupu, kisha akarudi nyumbani na nguo zile zile na kumpakata mwanawe.

Wahenga walinena kwamba ving'aavyo vyote si dhahabu. Ganda la shaba laweza kutoka katika mashine likimeremeta, huku uchafu wake ukiwa umehamia tu mahali pengine. Anayelisafisha hana budi kujua ulikokwenda, na kuhakikisha kwamba haukuingia nyumbani mwake.