Shika Key Moja, Tawala Skrini
Cheki msee wa cyber pale tao, mwisho wa Juni, watu waking'ang'ana kufaili returns za KRA. Laini imefika kwa ngazi. Kwa skrini kuna iTax, eCitizen, WhatsApp na PDF za mtaa mzima, zote zimelaliana. Na jamaa bado anaburuta mausi akitafuta kale ka-X ka kona. Anakosa. Anarudi. Anakosa tena. Manze, hiyo ni kujichoma mchana.

Wewe chanuka. Shika ile key iko na logo ya Windows, gonga mshale wa kushoto: dirisha linakaa nusu ya skrini. Rukia lingine, gonga mshale wa kulia. Zimetoshana. Hiyo kitu iko tangu Windows 7, 2009, na bado kuna mdosi anaprint PDF ndio aisome akitaip. Wazae wacha wakae.

But hizo shortcuts ni za kupewa. Form ni kudizaini zako. Na sheria ya kwanza haina mjadala: key moja ya kushika, kazi yake madirisha peke yake. Chukua hiyo ya logo, ile wasee wa Linux huita Super. Alt achana nayo. Msee wa Blender, ile programu ya 3D, akitaka kuchagua edge loop, anashika Alt anabonyeza. Desktop ikishaiteka hiyo Alt, yeye anavuta modeli, dirisha lote linatembea. Ngori.

Sasa utamu uko hapa. Kushoto umeshika Super, kulia uko kwa mausi. Bonyeza batani ya kushoto popote ndani ya dirisha, buruta: linahama. Ya kulia, buruta: linanenepa ama linakonda. Hakuna kuviziana na kale kamstari ka ukingo. Paul Fitts alionyesha 1954: target ikiwa ndogo na iko mbali, mkono unachelewa kuifikia. Saa hii target ni dirisha lote. Utakosaje? KDE Plasma, desktop ya Linux, inakuja nayo ikiwa hivyo. Kwa Windows, dunga AltSnap, ni ya bure, afu ingia settings uiambie itumie key ya logo.

Ya pili: kitu hatari ikae mbali na kitu ya kila saa. Ctrl+W inafunga tabu moja. Ctrl+Q, kwa programu kibao za Linux, inafunga kila kitu. Na Q na W ni majirani! Kidole kiteleze kidogo, form umejaza saa nzima imehepa. Nani alipitisha hiyo? Yako ya kufunga ipandishie Shift, venye Michael Stapelberg alifanya kwa i3, window manager yake ya Linux: Mod (key yake ya kushika), Shift, Q. Vidole vitatu havigongi by mistake.

Doh? Wasikuuzie mausi ya gamer iko na vibatani kama rimoti, bei ya rent. Kibodi yoyote ya maduka ya Luthuli na AutoHotkey, programu ya kujitengenezea shortcuts kwa Windows ambayo hulipii hata bob, unaomoka. Super na L tu usiguse: Windows inaitumia kulock skrini na haiachilii kirahisi. Caps Lock nayo, ile key ya buda kufokea family group, inyang'anye kazi. Ifanye ya kurusha dirisha kwa skrini ya pili. Kidole kidogo kimekaa hapo kando, kinangoja tu.