Fundi asiguse ukuta kabla ya mume na mke kusikizana

Hongera, msomaji, ikiwa wewe na mwenzio mmepokea funguo za nyumba yenu katika ghorofa fulani huko Syokimau, Ruaka, South B au kwingineko jijini Nairobi na viungani mwake. Wengi mliopanga nao ploti moja bado wanaiota siku hiyo. Lakini kabla hamjamwita fundi aje na nyundo yake, tafadhali yasomeni makala haya pamoja, mume na mke. Nyumba nyingi zimeleta ugomvi kabla wenyewe hawajalala ndani hata usiku mmoja.

Sababu yenyewe haifichiki. Akiba ya miaka imeingia katika malipo ya kwanza, mkopo unangoja kila mwisho wa mwezi, na kodi ya nyumba mnayoishi sasa bado inalipwa. Zaidi ya hayo, kila mmoja wenu amekuwa akiijenga nyumba hii kichwani mwake kimyakimya. Mume ana picha yake na mke ana yake, wala hakuna aliyewahi kumwonyesha mwenzake.

Tuchukue mfano. Mume ni karani, mke ni mwalimu wa shule ya msingi, watoto ni wawili. Wamenunua nyumba ya vyumba vitatu vya kulala katika orofa ya nne, na wamebaki na shilingi 600,000 za mkopo wa sacco za kuitengeneza ndani.

"Mama Achieng, sebule hii lazima tuiwekee dari ya jipsamu na taa za kufichwa," mume asema. "Wageni wakija, waone tumefika."

"Na hao wageni nitawapikia wapi, Baba Achieng?" mke amjibu. "Jikoni mle watu wawili hawapishani. Maji yakikatika siku tatu, utawapa taa wanywe?"

Je, ni nani mwenye haki hapa? Msiharakishe kumhukumu yeyote. Mume anataka heshima baada ya miaka mingi ya kuonekana mpangaji, na mke anataka kazi ya kila siku impungukie. Yote mawili ni mahitaji ya kweli. Tatizo ni kwamba pesa ni zile zile 600,000.

ANDIKENI ORODHA MBILI

Kila mmoja achukue karatasi yake, aketi peke yake, aandike mambo yote anayotaka katika nyumba hiyo. Asichungulie ya mwenzake. Kisha mketi mezani, watoto wakiwa wamelala, mzisome orodha hizo kwa sauti. Mtashangaa mambo mangapi mnakubaliana. Yale mnayopingana, yagaweni katika mafungu matatu: yale ambayo nyumba haikaliki bila hayo, yale yanayorahisisha maisha, na yale ya urembo.

Mabomba, stima na kuzuia maji yasivuje bafuni yaingie fungu la kwanza, hata kama hakuna mgeni atakayeyaona. Makabati ya jikoni na ya nguo ni ya fungu la pili. Dari ya jipsamu, taa za rangi na pazia za bei ghali ni za fungu la tatu. Fungu la tatu linaweza kungoja mwaka mmoja au miwili na msipungukiwe na kitu. Bomba lililofunikwa kwa vigae halingoji. Likipasuka, mtavivunja vigae vipya ili kulifikia.

Sasa pigeni hesabu. Katika zile 600,000, wekeni kando asilimia 15 kwa yasiyotarajiwa, yaani 90,000. Zinabaki 510,000. Ikiwa kazi itachukua miezi miwili na kodi mnayolipa ni 25,000 kwa mwezi, toeni 50,000 nyingine. Pesa za kazi hasa ni 460,000, wala si 600,000. Wanandoa wengi hupanga kwa ile hesabu ya kwanza, wakajikuta wamehamia katika nyumba yenye dari maridadi na choo kisichokuwa na mlango.

NYUMBA NI YENU, JENGO NI LA WOTE

Kumbukeni kwamba fleti si kama nyumba ya shambani. Sheria ya mali za vitengo ya mwaka 2020, iliyoanza kutumika Desemba mwaka huo, inampa mwenye fleti hati ya kitengo chake pamoja na fungu lake katika mali ya pamoja ya jengo. Wamiliki wote huwa na shirika lao, na shirika hilo lina kanuni zake. Ziulizieni kanuni hizo mapema. Je, mafundi wanaruhusiwa kufanya kazi saa ngapi? Vifusi vitateremshwa vipi, na vitatupwa wapi? Je, mnaruhusiwa kuziba roshani kwa vioo? Msipouliza, huenda mkatozwa faini au mkaamriwa kubomoa mlichojenga.

La hatari zaidi ni kuta. Si kila ukuta ni wa kugawa vyumba tu. Nguzo na boriti za zege ndizo zinazobeba orofa zilizo juu yenu, na katika majengo mengine hata ukuta wa mawe hubeba uzito. Fundi akiwaambia, "Hapa tunatoboa tu kidogo," mwambieni angoje. Mwiteni mhandisi wa majengo aliyesajiliwa, aangalie michoro, awape jibu la maandishi. Malipo yake ni madogo yakilinganishwa na maafa. Juu yenu na chini yenu kuna watu wanaolala na watoto wao.

MAJI NA STIMA KWANZA

Shawa ya umeme ndiyo hupendwa na wengi. Lakini tazama hesabu hii: shawa ya wati 5,000 kwenye stima yetu ya volti 240 huvuta karibu ampea 21. Soketi ya kawaida ya ukutani imetengenezwa kwa ampea 13. Kwa hivyo shawa inahitaji waya wake mnene kutoka kwenye kisanduku cha fyuzi, swichi yake, na waya wa ardhini uliofungwa sawasawa. Fundi akiiunganisha na waya wa taa ili kupunguza gharama, waya utapata moto ndani ya ukuta, au atakayeoga apigwe na stima. Mtafuteni fundi mwenye leseni ya EPRA, halmashauri inayosimamia kawi nchini, na mwombeni awaonyeshe leseni yenyewe.

Kuhusu soketi, hesabuni vifaa mlivyo navyo na mtakavyonunua, kisha muongeze. Kuchimba ukuta sasa ni kazi ya saa chache. Kuuchimba baada ya rangi ni hasara.

Bafuni, sakafu iteremke kuelekea kwenye tundu la maji kwa sentimita moja hadi mbili kwa kila mita. Kabla ya vigae kuwekwa, sakafu ipakwe dawa ya kuzuia maji, na dawa hiyo ipande ukutani pia. Ikishakauka, zibeni tundu, jazeni maji kiasi cha kufunika sakafu, myaache kwa saa 24. Shukeni kwa jirani wa chini mkamwombe kwa adabu awaruhusu kuangalia dari yake. Ikiwa kavu, endeleeni. Jirani mliyemwendea mapema si sawa na jirani anayewabishia mlango usiku maji yakimdondokea kitandani.

Na maadamu mgao wa maji haujatuisha Nairobi, ulizeni tangi la jengo linatosha siku ngapi, kisha mtenge pahali pa kuweka mitungi yenu ya maji mapema. Hapo Mama Achieng alisema kweli.

JIKONI

Meza ya kupikia ya kimo cha sentimita 90 hivi huwafaa watu wengi, lakini mpimeni anayepika zaidi. Akiwa mfupi, ishusheni kidogo; mgongo wake utawashukuru. Kati ya meza na ukuta wa pili, au kabati la pili, iachwe nafasi isiyopungua mita moja ili watu wawili wapishane.

Mtungi wa gesi usifungiwe ndani ya kabati lisilo na matundu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hivyo ikivuja hutulia chini karibu na sakafu ikingoja cheche. Kabati liwe na matundu upande wa chini, au mtungi ukae nje kwenye roshani ikiwa kanuni za jengo zinaruhusu.

Chini ya sinki, msiweke mbao za unga uliogandamizwa zisizofunikwa pande zote. Zikinyonya maji huvimba na kumeguka kama mkate. Kama pesa hazitoshi kwa mbao ngumu kote, tumieni mbao ngumu pale palipo na maji na zile nafuu kwingineko.

VIGAE NA RANGI: PIMENI WENYEWE

Msimwachie fundi hesabu. Sebule ya mita 4 kwa 3.5 ina eneo la mita mraba 14. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 hufunika mita mraba 0.16. Gawanyeni, mtapata vigae 88. Ongezeni asilimia 10 kwa vitakavyokatwa na kuvunjika, viwe 97. Nunueni vyote siku moja, na mhakikishe nambari za katoni zinalingana, kwani rangi ya kigae hubadilika kidogo kila kinapochomwa upya kiwandani. Vinavyobaki vihifadhini chini ya kitanda.

Rangi nayo vivyo hivyo. Chumba hicho, ikiwa kuta zina kimo cha mita 2.7, kina kuta za mita mraba 40 na zaidi kidogo. Toeni mlango na dirisha, zinabaki kama 37. Lita moja ya rangi ya maji hufunika mita mraba 10 hivi kwa mkono mmoja. Mikono miwili itahitaji lita saba na nusu, yaani mikebe miwili ya lita nne. Fundi akiwaletea orodha ya mikebe mitano, mwulizeni kwa upole mingine mitatu inakwenda kupaka wapi.

KUMWAJIRI FUNDI

Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011, husajili wanakandarasi na kuwatambua mafundi wenye ujuzi. Hata hivyo usajili pekee hautoshi. Nendeni mkaone kazi aliyoifanya mwaka mmoja uliopita, si ile ya wiki jana. Dosari za vigae na mabomba hujitokeza baada ya muda.

Andikianeni mkataba, hata kama ni wa ukurasa mmoja: kazi gani, siku ngapi, nani ananunua vifaa, malipo lini. Msilipe pesa zote mbele. Lipeni kazi inapofika hatua mliyokubaliana, na mbakize asilimia 10 hadi mtakapokaa mwezi mmoja bila kuona hitilafu. Na fundi awe na bosi mmoja. Mke akimwambia weupe na mume akimwambia kijivu, fundi atapaka anachotaka, kisha nyote mtalipa. Kubalianeni ni nani atakayezungumza naye, na mwingine apeleke maoni yake kwa mwenzake nyumbani.

RISITI ZIHIFADHIWE

Hapa kuna jambo ambalo wanandoa huona haya kulitaja. Chini ya Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013, nyumba ya familia haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani bila idhini ya mume na mke. Lakini umiliki hutegemea mchango wa kila mmoja. Mnamo Januari 2023 Mahakama ya Juu iliamua kwamba ndoa ikivunjika, mali haigawanywi nusu kwa nusu moja kwa moja. Kila mmoja huonyesha alichochangia. Mchango si pesa peke yake. Sheria hiyo inahesabu pia kazi za nyumbani na malezi ya watoto.

Mara nyingi mume ndiye anayelipa mkopo ambao una karatasi benki, naye mke analipa vigae, makabati na mafundi, ambavyo havina karatasi yoyote. Miaka kumi baadaye mchango wa mke hauonekani popote. Kwa hivyo, wekeni faili moja. Kila risiti iingie humo, ikiwa na jina la aliyelipa. Mwombeni wakili awaeleze kuhusu kuandikisha hati kwa majina yenu mawili. Kumwuliza mumeo au mkeo jambo hili si kumtakia mabaya. Mtu anayekupenda hatakasirika kwa kuona jasho lako limeandikwa.

Tukirudi kwa wale wawili wetu, si lazima mmoja ashinde. Kwa 460,000 zao wanaweza kutengeneza bafu, stima na jiko mwaka huu, waipake sebule rangi nzuri, na wamwambie fundi wa stima apitishe nyaya za taa za dari tangu sasa. Jipsamu ya Baba Achieng itakuja mkopo ukipungua, na hakutakuwa na haja ya kuchimba ukuta tena.

Nanyi, msomaji, kanunueni tepu ya kupimia leo. Mmoja ashike ncha huku, mwingine ncha kule, mkaandike vipimo vya kila chumba kwa mkono wenu. Fundi anaweza kungoja hadi Jumatatu.