Samaki Aliyebishana na Bajeti

Muhula huu chama chetu cha majadiliano kilibishania swali hili: Bunge likitunga sheria ya kukataza jambo, kisha katika bajeti likatoa fedha ili jambo lile lile lifanyike, ipi ishike? Mimi, wa Kidato cha Nne, nilisimama upande wa fedha. Nilishindwa, na aliyenishinda ni samaki.

Yafaa kwanza tufahamu kuwa sheria ya kudumu hukaa mpaka Bunge liifute, bali sheria ya matumizi huruhusu fedha kutoka hazinani kwa mwaka mmoja tu.

Mwaka 1967, katika jimbo la Tennessee huko Marekani, shirika la serikali liitwalo TVA lilianza kujenga bwawa la Tellico. Mwaka 1973 mtaalamu David Etnier alikuta katika mto ule samaki asiyejulikana, urefu wake kama kidole, chakula chake konokono. Mwaka huo huo Bunge likatunga sheria ya kulinda viumbe walio karibu kutoweka, nayo ikakataza idara za serikali kuharibu makao yao. Samaki yule alitaka maji yaendayo kasi, bwawa lingeyatuliza.

Walakini kila mwaka Bunge lile lile liliendelea kutoa fedha za bwawa, na kamati zake zikaandika kwamba kazi imalizwe. Mwaka 1976 Hiram Hill, mwanafunzi wa sheria (mwanafunzi, wasomaji!), pamoja na wenzake wakafungua kesi.

Tarehe 15 Juni 1978 Mahakama ya Juu ilikata shauri, majaji 6 kwa 3: bwawa lisimame, ingawa lilikuwa karibu kwisha. Kutoa fedha si kufuta sheria. Mbunge apigaye kura ya fedha ana haki ya kudhani kwamba zitatumika kwa njia halali. Kama sivyo, ingempasa kuchungua kila fungu la bajeti asije akaua sheria bila kujua. Na taarifa ya kamati si sheria, hata ikisema nini.

Hapo wenzangu wakapiga makofi. Lakini sikuketi, maana hadithi haikuishia hapo. Mwaka 1979 mistari michache iliingizwa katika sheria ya fedha, ikisema bwawa limalizwe licha ya sheria nyingine yoyote. Sasa maneno yalikuwa dhahiri, na mahakama haikuwa na la kuuliza. Ila katika Baraza la Wawakilishi mistari ile ilipita bila hata kusomwa, na jambo hilo, ingawa lilinifaa katika ubishi, halinipendezi mpaka leo. Rais Carter alitia sahihi mwezi Septemba. Novemba malango yakafungwa, maji yakafunika mashamba na miji ya kale ya Wacherokee.

Samaki wengine walikuwa wamekwisha hamishiwa mto mwingine, na baadaye wakaonekana wenzao katika mito mingine pia. Mwaka 2022 waliondolewa katika orodha ya viumbe walio hatarini.