Megabiti Sita Zilizoliwa na Mtungi

Jumamosi moja nilijifungia sebuleni na kompyuta mbili na waya mfupi. Nilikuwa nimejiandaa kugombana na kampuni inayoniletea intaneti: nalipia megabiti 100 kwa sekunde, kila nikipima napata 94. Kabla ya kupiga simu nikaona nivikague kwanza vifaa vyangu, nisije nikaumbuka. Nikaziunganisha kompyuta zile moja kwa moja, bila ruta wala kampuni katikati, kwa kasi ileile ya 100, kisha nikawasha programu ya kupimia. Ikasoma 94.1. Nikabadilisha waya: 94.1. Nikazima kila kitu na kuanza upya: 94.1.

Mafundi wa mitandao wanaifahamu sana namba hiyo. Ukiwaonyesha hawashtuki, tena watakuambia waya wako ni mzima. Kumbe zile sita zinazokosekana hakuna aliyeziiba. Zimekwenda kwenye vifungashio.

Data haitiririki kama maji ya bomba. Hukatwa vipande, na kila kipande hufungwa kwa kufuata itifaki, yaani taratibu ambazo mashine zimekubaliana ili zielewane. Kwenye Etheneti, mtandao wa waya wa majumbani na maofisini, kipande kwa kawaida hakizidi baiti 1,500. Humo ndani, 20 huchukuliwa na IP, ambayo huandika anwani ya mtumaji na ya mpokeaji. Nyingine 20 ni za TCP, yenye kazi ya kuvipa vipande namba za mfuatano ili kilichopotea kijulikane na kitumwe tena. Mara nyingi huongezeka 12 za muhuri wa saa. Mzigo wenyewe unabaki na baiti 1,448.

Bado Etheneti haijachukua chake. Inataka baiti 8 za kumzindua mpokeaji, 14 za anwani za vifaa na aina ya kilichomo, na 4 za kukagua kama kuna kilichoharibika njiani. Kisha kila kipande hufuatwa na ukimya wenye urefu wa baiti 12. Hata kunyamaza kuna bei. Jumla ni 1,538. Gawa 1,448 kwa 1,538 na utapata asilimia 94.1, namba ileile iliyonikodolea macho sebuleni.

Ukinunua mtungi wa gesi wa kilo 6, mgongo wako unajua kwamba umebeba zaidi ya kilo 6. Chuma kina uzito wake, nao umepigwa chapa kwenye mtungi. Lakini muuzaji anakuhesabia gesi tu. Kwenye waya hesabu ni kinyume: ile 100 ni gesi na chuma kwa pamoja. Na kama ilivyo kwa gesi, hakuna anayebeba mzigo huo kwenye mfuko wa rambo.

Chuma cha asilimia sita ni chepesi. Balaa huanza pale mtungi unapobaki na uzito uleule huku gesi iliyomo ni ya kuwashia jiko mara moja. Mwaka 1984, John Nagle, mhandisi wa kampuni ya Ford Aerospace nchini Marekani, aliandika juu ya hilo. Mtu akiitumia kompyuta iliyo mbali, kila herufi aliyobonyeza ilisafiri peke yake: baiti 1 ya herufi, 40 za TCP na IP. Chuma kilikuwa mara 40 ya gesi, na mtandao ukielemewa, takataka hizo ziliziba njia.

Dawa ya Nagle kondakta yeyote wa daladala angeielewa: gari lililotangulia likiwa halijaleta jibu kwamba limefika, usiondoe jingine na abiria mmoja. Subiri wajae. Njia zikapumua. Ila abiria mwenye haraka huteseka kituoni, ndiyo maana programu nyingi za michezo ya mtandaoni huizima kanuni hiyo.

Sauti nayo haina subira. Simu ya intaneti inayotumia mfumo uitwao G.729 hukata maneno yako mara 50 kwa sekunde, kila kipande baiti 20, kisha hukifunga kwa vichwa vya baiti 40. Sauti ya kilobiti 8 inakuwa mzigo wa kilobiti 24. Theluthi mbili ya unachotuma si sauti yako.

Upande wa waifai kuna gharama isiyoonekana kwenye mizani, nayo ni foleni. Hewa ni moja kwa wote. Kifaa husikiliza kwanza, husubiri zamu, hutuma, kisha hungoja kujibiwa kwamba mzigo umepokelewa. Ruta za zamani zilizoandikwa 54 zilitoa ishirini na kitu tu. Kiwango cha waifai cha mwaka 2009 kikaleta nafuu kwa kufunga vipande vingi katika safari moja: daladala ya Nagle, safari hii angani.

Pwani yetu inaujua ungojaji mkubwa kuliko huo. Kabla mkongo wa SEACOM haujaanza kazi Julai 2009, intaneti yetu ilitegemea sana setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Kwenda na jibu kurudi ni kama nusu sekunde. TCP ya awali haikuruhusu zaidi ya baiti 65,535 kuwa njiani bila jibu, hivyo faili moja halikuvuka megabiti 1 kwa sekunde, hata ukilipia 10. Marekebisho ya kanuni yalichapishwa mwaka 1992, lakini nusu sekunde yenyewe hakuna kanuni iliyoweza kuifupisha. Ilihitajika njia fupi zaidi, nayo ikapita chini ya bahari.

Basi simu sikupiga. Ukipima kwa waya ukapata 94, umepewa haki yako. Ukipata 60 kwa waya huohuo, hapo una kesi. Ukipima kwa waifai ukiwa chumba cha tatu, sogea kwanza karibu na ruta.

Jioni ile nilihamisha faili la gigabaiti 1 kati ya kompyuta zangu. Kwa 100 kamili lingechukua sekunde 80, lilichukua 85. Nikalifungua, na hapakuwa na baiti hata moja iliyopotea. Sekunde tano zile ndizo zilizonunua jambo hilo.