Riziki Hupita Mikononi mwa Wengi

  

Leo tutazungumza juu ya chakula. Tukiketi kula, twamshukuru Mungu kwa riziki, na ndivyo itupasavyo. Lakini je, riziki hiyo imepita njia gani hata ikafika kwenye sahani? Mtunga Zaburi, katika Zaburi ya 104, aliitazama bahari pamoja na viumbe vyake visivyo na idadi, akakiri kwamba vyote humtazamia Mungu avilishe. Tuangalie basi jinsi Mungu anavyovilisha.

Tumchukue tafi mmoja, aliyevuliwa Diani kati ya ufuko na mwamba. Nguvu zake amezipata katika mwani na majani ya bahari anayoyala. Na majani yamezipata wapi? Majani hupokea mwanga wa jua, huchukua maji na hewa, yakajipikia chakula chao wenyewe. Ndivyo ilivyo kwa mnazi, kwa muhogo, na kwa vijimea vidogo sana vinavyoelea majini bila kuonekana kwa macho. Sisi wengine, tangu kaa wa matopeni hadi mchungaji wa kanisa, hatuwezi kula jua. Twala kilichopikwa na majani, au twamla aliyeyala majani.

Sasa, katika kila mkono riziki inamopita, nyingi hutumika. Tafi huogelea, hupumua, hukimbia adui. Nguvu anazotumia hugeuka joto, zikapotea. Wataalamu hukadiria kwamba, kwa wastani, ni sehemu moja tu katika kumi inayomfikia anayefuata. Tuseme majani yameweka vipimo 1,000 vya nguvu. Wanaokula majani watapata kama 100. Wanaowala hao watapata 10. Na nguru au papa aliye juu atapata kimoja. Ndiyo sababu dagaa hujaza mashua, bali papa ni wa kuhesabu. Aliye juu husimama juu ya mabega ya wengi sana.

Nguvu zikishatumika hazirudi. Yabidi jua lichomoze tena kesho, kama vile mana kule jangwani ilivyotolewa kila siku. Lakini rutuba yenyewe haipotei, hiyo huzunguka. Nenda Gazi ukatazame mikoko. Jani likianguka, kaa hulivuta shimoni mwake akalitafuna. Linalobaki huozeshwa na viini vidogo, likawa chakula cha kamba, na mbolea ya mikoko yenyewe. Katikati ya mizizi hiyo, watoto wa samaki hula na kujificha mpaka wakomae, kisha wengine hutoka kwenda mwambani. Kwa hiyo anayekata mikoko kwa ajili ya kuni huenda anapunguza samaki katika wavu wa jirani yake.

Je, mkono mmoja ukiondolewa katika safari hii, kunatokea nini? Diani yatupa jibu. Yuko samaki aitwaye kikande, mwenye meno magumu, awezaye kuvunja na kula wale viumbe weusi wa miiba mirefu ambao mtu akiwakanyaga hulia. Wataalamu Tim McClanahan na Nyawira Muthiga, katika taarifa yao ya mwaka 1988, walionyesha kwamba palipovuliwa kupita kiasi, wenye miiba walizidi. Adui yao alikuwa amepungua. Nao waliguguna mwani na majani ya bahari, chakula kile kile cha tafi, wakakwangua na matumbawe mpaka yakadhoofika. Lakini katika hifadhi ya Kisite, mbele ya Shimoni, ambayo ilitengwa miaka ya 1970 na uvuvi hauruhusiwi ndani yake, samaki ni wengi na wenye miiba ni wachache. Uvuvi si sababu pekee. Mwaka 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi katika pwani yetu. Hata hivyo, mwamba uliokwisha dhoofika hupata taabu zaidi kuinuka.

Serikali ilipiga marufuku juya mwaka 2001, kwa maana wavu huo hukokota hata wachanga na kung'oa majani. Hatusemi haya kumhukumu mvuvi maskini. Mtu ambaye watoto wake wamelala njaa hawezi kulishwa kwa mahubiri. Twasema haya kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kuumia bahari inapopungukiwa, nasi tununuao samaki twashiriki. Tukikataa kununua wachanga, tutakuwa tumemsaidia mwenye wavu halali.

Tena, njia nyingine zipo. Watu wa Gazi na Makongeni, katika kazi iitwayo Mikoko Pamoja iliyoanza mwaka 2013, hutunza na kupanda mikoko. Kwa kuwa mikoko hiyo huhifadhi hewa chafu ya ukaa, wao hulipwa, na fedha hizo zimesaidia maji na shule za vijiji vyao. Hapo kutunza na kula vimekwenda pamoja.

Wapenzi, katika Mwanzo sura ya 2, mwanadamu aliwekwa bustanini ailime na kuitunza. Hakupewa kazi ya kwanza bila ya pili. Na Bwana Yesu, alipokwisha kuwashibisha watu elfu tano kwa mikate mitano na samaki wawili, aliagiza mabaki yakusanywe, kisipotee kitu. Yeye aliyeweza kufanya muujiza hakuona haya kuokota vipande. Je, sisi tusioweza kuumba hata jani moja, tutavitupaje?

Tuombe. Ee Baba, tunakushukuru kwa jua la leo, kwa majani, na kwa viumbe wote ambao riziki yetu imepita kwao. Uwalinde wavuvi walioko baharini. Utufundishe kuchukua kwa kiasi, ili watoto wetu nao wapate kula na kukushukuru. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.